Uzamili wa uongozi wa elimu kwa njia ya tasnifu: unalipia nini, na hukwama wapi

Anayetafuta shahada ya uzamili katika uongozi wa elimu huanza kwa kulinganisha kozi: nadharia za uongozi, sera na sheria za elimu, fedha za shule, usimamizi wa walimu, mbinu za utafiti. Karibu kila programu inazo, na mwenye bidii huzimaliza kwa mihula miwili bila misukosuko. Tofauti iko kwenye tasnifu, na hapo ndipo tunapotolea alama.

Kwa anayelenga uzamivu, uchambuzi wa sera au kazi ya utafiti, njia hii inafaa sana. Mwalimu mkuu anayetaka kuboresha ratiba na bajeti ya muhula ujao atatoshwa na njia ya kozi na mradi mfupi. Tasnifu itamchelewesha tu.

Udhaifu mkubwa wa programu hizi ni mada zinazoruhusiwa kupita. “Athari za mtindo wa uongozi wa mwalimu mkuu kwa ufaulu wa wanafunzi” hurudi kila mwaka, jina la eneo tu likibadilishwa. Mkuu wa shule haingii kila darasa; mchango wake huwafikia wanafunzi kupitia walimu, kwa hiyo kuuona kwenye alama za mtihani ni kazi ngumu kuliko kichwa cha mada kinavyoahidi. Halafu kuna hesabu. Mtafiti anagawa hojaji kwa walimu 30 katika kila shule, shule ni 5, anaandika kwamba sampuli yake ni 150. Wakuu anaowachunguza ni 5! Walimu wa shule moja wanamzungumzia mtu yuleyule, na majibu yao huelekea kufanana. Kiwango cha ufanano huo kikiwa 0.1 tu, hesabu ni 1 + (30 − 1) × 0.1 = 3.9; gawa 150 kwa 3.9, na walimu 150 wanabaki na uzito wa walimu 38 hivi. Walimu haohao 150 wakitoka shule 30, watano kila shule, kigawanyo kinashuka hadi 1.4 na uzito unapanda hadi 107. Jedwali la Krejcie na Morgan la 1970, linalonukuliwa kama dua, litakwambia watu 500 wanahitaji sampuli ya 217, lakini limejengwa kwa sampuli nasibu sahili, yaani kila mtu huchaguliwa kwa bahati nasibu, mmojammoja. Halina habari na makundi ya shule. Programu nzuri hufundisha jambo hili kabla ya pendekezo la utafiti. Dhaifu humwachia mtahini wa nje alifichue, wakati data imeshakusanywa na shule zimefungwa.

Hojaji zenyewe zina mitego. Hojaji maarufu kama PIMRS ya Hallinger, yenye vipengele 50 katika majukumu 10 ya uongozi wa ufundishaji, na MLQ ya Bass na Avolio, inayopima mitindo ya uongozi, zina wenyewe. Omba ruhusa kabla ya kuandika sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, si baada ya kuchapisha nakala. Ukitafsiri, mtu mwingine ambaye hajaona matini asilia airudishe tafsiri katika lugha ya matini asilia, kisha mlinganishe. Ijaribu kwa walimu kama 30 walio nje ya sampuli. Alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi maswali ya hojaji yanavyokubaliana, ikishuka chini ya 0.70, usikimbilie kufuta maswali. Angalia kwanza kama maswali yaliyoulizwa kwa kukanusha yamegeuziwa alama, maana mara nyingi kosa huwa hapo.

Anayechagua usaili asidhani amekimbia kazi. Mazungumzo ya saa 1 huchukua saa 4 hadi 6 kuyanukuu neno kwa neno. Usaili 15 unakula saa 60 hadi 90 kabla uchambuzi haujaanza. Wengi hutaja hatua sita za Braun na Clarke za 2006 za kuchambua dhamira, kisha dhamira wanazoleta ni maswali yao ya usaili yaliyovalishwa vichwa vya habari. Huo si uchambuzi.

Suala la maadili lina uzito wa pekee kwenye fani hii, kwa sababu watafiti wengi ni viongozi wa shule. Mkuu akiwasaili walimu wake mwenyewe, ridhaa yao ina mashaka, kwani nani atamkatalia anayemjazia tathmini? Tumia shule nyingine, au mtu asiye na mamlaka juu yao akusanye data. Na kibali cha kamati ya maadili hakikufungulii lango la shule. Ruhusa ya mamlaka ya elimu huombwa kando.

Kabla ya kulipa ada, uliza msimamizi ana wanafunzi wangapi kwa sasa, sura moja hurudi na maoni baada ya siku ngapi, kamati ya maadili hukaa mara ngapi kwa mwaka, na ada ya kuendelea ni kiasi gani muda ukipita. Kamati inayokaa mara 4 kwa mwaka ikikurudishia ombi mara moja tu, miezi mitatu imekwenda, na huenda kibali kikafika shule zikiwa kwenye mitihani. Kwa hiyo panga kuanzia kalenda ya shule na kurudi nyuma. Uliza pia hojaji na rekodi zitahifadhiwa wapi na kwa muda gani: masahihisho baada ya utetezi yanaweza kukulazimu kurudia jedwali zima.