Siku tano za uchumi wa chanjo Bagamoyo: uzoefu wangu

Mimi ni afisa mipango wa halmashauri, si mganga. Kila msimu wa bajeti mratibu wetu wa chanjo huniletea karatasi yake, nami huikata bila huruma. Kwa hiyo nilipoteuliwa kwenda Bagamoyo kwenye mafunzo ya uchumi wa chanjo kwa watunga sera, nilijua naenda kula pweza na kusaini fomu ya posho. (Posho yenyewe ilichelewa wiki tatu, tuyaache hayo.)

Siku ya kwanza iliniudhi. Slaidi zote za Kiingereza, ukumbi una joto la kukaangia samaki, watu wanasinzia.

Siku ya pili mwezeshaji akaweka mezani kichupa kitupu cha chanjo ya surua na rubela. Humo huwa na dozi kumi, na dawa ikishachanganywa na maji yake, itakayobaki baada ya saa sita ni ya kutupwa. Akatuuliza: "Jumanne amekuja mama mmoja na mtoto mmoja. Mnafungua?" Nikawahi kujibu: hapana, arudi siku ya kliniki wakiwa wengi, kwa nini tutupe dozi tisa? Dada mmoja, nesi wa zahanati, akanigeukia: "Kaka, nauli ya bodaboda ya huyo mama umeiandika wapi?"

Ukumbi mzima ukacheka. Sikuwa nimeiandika popote.

Tukarudi kwenye Ekseli. Tukaongeza nauli ya safari ya pili, siku ya biashara aliyoikosa, kisha uwezekano kwamba hatarudi kabisa. Kwa mfuko wa halmashauri nilikuwa sahihi. Kwa familia ile ilikuwa hasara tupu. Na mtoto asiporudi, surua ikizuka mtaani gharama inaturudia sisi sisi. Kujua unahesabu kwa niaba ya nani, mlipaji au jamii nzima, kwangu hilo peke yake lilitosha kunitoa nyumbani.

Somo la kiwango cha punguzo, yaani asilimia ya kushusha thamani ya faida ya baadaye ili ilinganishwe na ya leo, lilinitoa jasho. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, lakini faida yake kubwa itaonekana baada ya miongo. Ukipunguza asilimia 3 kwa mwaka, faida ya shilingi 100 itakayokuja miaka 30 ijayo leo inahesabiwa kama shilingi 41 hivi. Nilibishana na mwezeshaji mpaka chai ikapoa. Bado sijakubali sawasawa, ila sasa najua ninachokibishia.

Kwenye malaria walifanya vizuri kuanzia pale tulipokaa: Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo Bagamoyo, na watoto wa huku walishiriki majaribio ya chanjo mbili za malaria, RTS,S na baadaye R21. R21 ilitangazwa kwa bei isiyozidi dola 4 kwa dozi, lakini mtoto anahitaji dozi nne, maana yake mama aje mara nne. Tukarudi kwenye bodaboda ile ile.

Kasoro ninayoiona kubwa: jedwali la Ekseli walilotupatia limetoka mbali. Usafirishaji wa chanjo una kisanduku kimoja tu cha kujaza gharama, kana kwamba kupeleka kibebeo cha chanjo kwa barabara ya lami na kwa ngalawa ni kitu kimoja. Pia intaneti ilikufa siku ya nne na hawakuwa na mazoezi ya karatasi. Ila nawasifu kwa ukweli: walitueleza wazi kwamba chanjo inaweza kuwa na thamani kubwa kwa fedha yake na bado hela ya kuinunua huna, na hayo ni maswali mawili tofauti.

Ukiitwa, nenda, ila beba takwimu za zahanati zako mwenyewe, za mfano zinachosha.

Mratibu wetu ameleta karatasi yake wiki iliyopita. Safari hii sikuikata. Nimemrudishia aongeze mstari wa mafuta ya pikipiki.