TAHADHARI Kampala: TV unayoonyeshwa ukutani siyo ile unayopakiwa kwenye boksi

Wandugu mnaokuja Kampala kununua TV kubwa, hasa nyie wa Beni, Bunia na Juba, someni hii kabla hamjatoa pesa. Mimi kazi yangu ni kufunga TV ukutani na kutengeneza zilizokufa, niko hapahapa mjini, na siku hizi nimechoka kufungua boksi za watu nakuta takataka ndani. Bafere, yaani matapeli wa hapa, wamepata mchezo mpya, au tuseme mchezo wa zamani wameuvalisha nguo mpya, na wanaulenga kwa mtu yeyote anayeongea Kiswahili akiwa na begi la safari mgongoni.

Broka anakudaka mtaani huko downtown, "yaya karibu, ndugu yangu, tuna flati skrini za Dubai bei ya jumla", anakupandisha ngazi kwenye akedi (jengo la maduka mengi) mpaka kiduka kimoja chembamba. Ukutani kuna inchi 65 ya ukweli, inawaka, YouTube inafungua, picha ya simba unahesabu mpaka manyoya. Bei ni milioni moja na laki mbili za Uganda. Hapo tu ungetakiwa kushtuka maana kwa brand ile duka la maana hata milioni mbili hawakuangalii usoni, lakini wana jibu, eti mzigo ulishuka bila kupitia kwa wakala. Unakubali, unalipa. Sasa ile ya ukutani hawakupi, wanasema hiyo ni ya kuonyeshea, yako inatoka stoo ikiwa mpya na sili yake. Kijana anashuka nayo, imefungwa selotepu kila kona, anaiweka moja kwa moja kwenye boda.

Ukisema fungua niione utapewa moja ya hizi: sili ikikatwa waranti imekufa, au umeme umekatika (na kweli taa ya duka imezimwa, ila duka la jirani feni inazunguka banange!), au basi litakuacha. Hiyo ya basi ndiyo kali, kwa sababu walishakuuliza mapema kwa upole unasafiri lini, ukajibu leo usiku. Wanajua ukifungua boksi uko Juba huwezi kurudi, nauli na mpaka vinakula kuliko hiyo TV.

Mama mmoja wa Beni alikuwa amefikia kwa dada yake Nsambya, wakaniita nimfungie mzigo vizuri kwa ajili ya barabara ya Kasese mpaka Mpondwe. Nilipoinua lile boksi peke yangu bila hata kukunja goti nikamwambia mama, hii sio 65. Hakupenda, alidhani nataka kumlipisha zaidi. Tukafungua. Nikatoa futi, upana sentimita 122. Sasa shikeni hizi namba: TV inchi 65 ya kawaida skrini yake kwa upana ni kama sentimita 144, inchi 55 ni 122, na kona kwa kona 65 ni sentimita 165. Kwa hiyo alilipia 65 akapewa 55. Afadhali ingeishia hapo. Pale chini katikati ya fremu paliandikwa Samsung, nikaweka ukucha, ile S ikainuka kama stika ya matunda, chini yake kuna alama ya jina jingine iliyokwanguliwa na kisu. Tukaiwasha, kakatokea karoboti ka Android. Dada mtu akacheka yule mwenyewe akakaa kimya.

Hapo kwenye kuwaka muelewe vizuri. Samsung smart TV haitumii mfumo wa Android, inatumia Tizen, mfumo wao wenyewe, tangu 2015. LG wanatumia webOS. Sony na TCL nyingi ndizo utakuta na Google TV au Android TV ya halali. Kwa hiyo ukiona jina Samsung au LG halafu ndani ni Android, usibishane na mtu, shuka ngazi uende zako. Na hata hiyo Android yenyewe kwenye hizi feki sio ile ya TV, ni ile ya bure wanayoibandika, haina kibali cha Google, kwa hiyo Netflix ama haifunguki ama inaleta picha ya ukungu. Mwezi wa sita 2025 FBI ya Marekani walitoa onyo kuhusu vifaa vya aina hii vya bei rahisi kuja na virusi vya BADBOX 2.0 humohumo kabla hata hujavinunua, na wewe ndo unaweka email yako na wifi ya nyumbani humo.

Halafu hii 4K. Kwenye boksi wanaandika "4K supported", mtu anasoma 4K anatosheka. Maana yake ni kwamba inapokea video ya 4K, ila inaionyesha kwa uwezo wake mdogo. 4K yenyewe ni nukta 3840 kwa 2160, hizi nyingine nikifungua nakuta panel (kioo chenyewe) ya 1366 kwa 768. Mimi natembea na flash yenye picha ya maandishi madogo sana, kwenye 4K ya kweli unayasoma ukisogea karibu, kwenye hizi ni matope. Nawe weka hiyo flash mfukoni haina gharama.

Tukarudi dukani siku ileile, mimi na yule mama. Kijana akatuangalia kama hajawahi kumuona, "hii sio yetu". Risiti aliyompa imeandikwa "TV 1" na pesa basi, hakuna modeli, hakuna siriali, chini imechapwa kwamba mali ikishauzwa hairudi. Hiyo sentensi isiwatishe, sheria ya mauzo ya bidhaa ya hapa Uganda ya 2017 inataka bidhaa ifanane na maelezo iliyouzwa nayo. Shida ni ushahidi. Pesa mama alikuwa ametuma kwa mobile money kwenye namba ya mtu binafsi, jina lililotokea kwenye simu wala halifanani na jina la duka, na ilishatolewa kwa wakala kabla boda haijafika Nsambya. Tulipotaja kwenda CPS, kituo kikuu cha polisi, ndo wakaanza kuita "maama, tuongee", wakarudisha laki tano, hiyo iliyobaki mpaka leo ni stori.

Jina la duka siandiki, maana tulivyopita tena pale palikuwa panauzwa viatu.

Kwa hiyo boksi linalokuja na wewe ndilo lifunguliwe, hapohapo, liwashwe, upime na futi, usome stika ya nyuma ya TV uone modeli na siriali inafanana na ya kwenye boksi. Duka la haki linafanya hivyo lenyewe bila kuombwa, wanatest mbele yako ndo wanapiga mhuri kadi ya waranti, hiyo habari ya sili kuua waranti ni uongo mtupu. Modeli na siriali viandikwe kwenye risiti, na kama duka ni kubwa dai risiti ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya kodi yenye kile kibox cha kuskani, hiyo iko kwa URA, watu wa kodi, hakuna wa kuikana. Lipia kwenye namba ya biashara yenye jina la duka. Broka akikuuliza unasafiri lini, mwambie unaishi hapahapa mjini, Makindye.

Na wewe ambaye umeshanunua, boksi liko chini ya kitanda gesti hapo Arua Park unangoja basi la kesho, kata selotepu usiku huu.