TAHADHARI: Madalali wa "nafasi za MD" (shahada ya udaktari) wameshaanza kuzunguka, soma kabla hujatuma hela

Wazazi, walezi na vijana mnaosubiri udahili, tunaomba mlisome hili lote. Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kwenye magrupu ya WhatsApp zinamwagika meseji za aina moja: "Nafasi 4 za MD zimebaki chuo fulani, lipia leo tukushikie." Hakuna nafasi ya kushikiwa. Maombi ya shahada anayatuma mwombaji mwenyewe kwenye mfumo wa chuo wakati dirisha liko wazi, chuo kinachagua, kisha majina yanakwenda TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kuhakikiwa. Dalali hana mlango wa kuingilia katika mlolongo huo.

Wanaowindwa zaidi ni waliosoma CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia). Ili uingie MD kwa matokeo ya kidato cha sita, lazima uwe na principal (ufaulu wa A hadi E) katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu, na jumla ya pointi isipungue 6 (A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1). Wa CBG hana Fizikia. Dalali anajua hivyo, ndiyo maana anaahidi "kukupenyeza" na bei yake ni ya juu. Jina linapofika TCU linakwenda na namba zako za mtihani, na matokeo yako NECTA (Baraza la Mitihani) yanaonekana. Hapo ndipo linapokatwa, na simu ya dalali nayo haipatikani tena.

Ukipewa barua ya udahili, iweke mezani uisome mstari kwa mstari. Ya kitapeli mara nyingi kichwani imeandikwa udaktari kwa herufi nene na muhuri umegongwa vizuri, lakini shuka chini kwenye muda wa masomo: miaka 3, NTA Level 4 hadi 6 (ngazi za vyuo vya kati). Hiyo ni Diploma ya Clinical Medicine, inayomtoa tabibu. MD ni miaka 5 chuoni, halafu mwaka 1 wa intern (mafunzo kwa vitendo hospitalini). Diploma yenyewe ni kozi nzuri na ni njia halali ya kufika MD baadaye, ukitoka na GPA isiyopungua 3.0 na masomo ya sayansi ya kidato cha nne yakiwa sawa. Wizi ni kukutoza kwa jina la MD wakati unapelekwa diploma.

Kwenye vyuo vya kati kuna mtego mwingine, na huu unaumiza kuliko wote kwa sababu unagundulika umeshasoma miaka. Chuo kinaweza kuwa na usajili wa NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya kati) kweli, ila si kwa kozi unayoitaka. Angalia namba ya usajili: vyuo vya afya huanza na REG/HAS. Ukikuta REG/BTP, hicho kimesajiliwa upande wa biashara, utalii na mipango. Hata chenye HAS, huenda kimeruhusiwa kufundisha famasi au uuguzi tu. Fungua tovuti ya NACTVET, tafuta chuo, kisha tafuta kozi yenyewe ndani ya chuo hicho. Ukishadahiliwa, hakikisha jina lako limepelekwa NACTVET. Kama halipo, huna matokeo yanayotambulika, na bila hayo hupati AVN, ile namba ya uhakiki ambayo mwenye diploma lazima aijaze akiomba chuo kikuu. Miaka mitatu na ada yake vinapotea hivyo.

Wala usiridhike na "kaka yangu alisoma hapo." Julai 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na kozi kadhaa za vyuo vingine nazo zikasimamishwa. Hali hubadilika, kwa hiyo tazama kitabu cha mwongozo wa udahili cha mwaka huu.

Uliza pia hospitali ya kufundishia. Chuo cha MUHAS cha Dar es Salaam wana hospitali ya Muhimbili, CUHAS cha Mwanza wana Bugando, Moshi kuna hospitali ya KCMC. Chuo kinachotangaza MD halafu kikashindwa kutaja hospitali ambako wanafunzi watashika wagonjwa, achana nacho.

Kuhusu nje ya nchi: mawakala wa kupeleka wanafunzi husajiliwa na TCU, kwa hiyo anza na orodha ya waliosajiliwa, na omba cheti cha kutokuwa na pingamizi TCU kabla hujakata tiketi. Chuo kuonekana kwenye World Directory of Medical Schools si ithibati, ile ni orodha tu. Kwa China, uliza kama chuo kimo kwenye orodha ya serikali yao ya vyuo vinavyoruhusiwa kufundisha udaktari kwa Kiingereza. Na anayekwambia "pre-med ya mwaka mmoja inafuta matokeo mabaya" anakudanganya, maana ukirudi nchini, TCU inaangalia sifa ulizoingia nazo chuoni, na Baraza la Madaktari lina mtihani wake kabla ya intern. Ada ilipwe kwenye akaunti yenye jina la chuo, kamwe si namba ya simu ya mtu.

Password ya akaunti ya maombi na msimbo wa kuthibitisha unaotumwa kwa SMS usimpe mtu, hata wa stationery aliyekujazia fomu. Ukichaguliwa vyuo viwili, mwenye msimbo ndiye anayeamua unakwenda wapi.

Kama umeshatuma hela, piga simu mtandao wako sasa hivi muamala uzuiwe kabla haijatolewa. Usifute meseji hata moja. Namba na ujumbe wa tapeli tuma 15040, chukua RB (namba ya taarifa ya tukio) polisi, kisha ingia mwenyewe kwenye mfumo wa chuo uone kama una maombi yoyote kule. Dirisha likiwa bado wazi, omba upya leo hii.