Fundi wa kanda wa Ngamiani amemrudishia mzee wangu Sholay yake, ile ambayo Gabbar anakufa

Watu wa Tanga mlio na kanda za video kabatini, zile nyeusi kubwa za deki, nawaomba msizitupe na msizipeleke popote kwanza. Kuna fundi yuko Ngamiani, kibanda chake hakina bango wala jina, ukifika mitaa ile ukiuliza fundi wa kanda unaonyeshwa, mlangoni kuna redio kaseti mbovu tatu zimebebana na baiskeli yake imeegemezwa hapo. Nimehangaika naye wiki tano na nimetoka na kitu ambacho mzee wangu alikuwa anakitafuta zaidi ya miaka 20, kwa hiyo hapa naandika kwa kirefu mnisamehe.

Mzee wangu ni mtu wa picha la Kihindi tangu ujana wake, na katika mapicha yote kwake namba moja ni Sholay. Sasa pale nyumbani tumekua na ubishi mmoja hauishi. Mzee anasema mwisho wa picha Thakur, yule aliyekatwa mikono, anamuua Gabbar, yule jambazi mkuu, kwa miguu, amevaa viatu vyenye misumari. Sisi watoto tulioiona baadaye kwenye diski na kwenye TV tunajua polisi wanatokea dakika ya mwisho, wanamsihi Thakur amwachie huyo mtu sheria ifuate mkondo wake, Gabbar anabebwa, kwisha. Tukawa tunamcheka. Tunamwambia baba umechanganya na picha lingine, siku hizo mlikuwa mnaangalia mengi. Ikafika mahali akawa hasemi tena, tukianza anainuka anaenda kibarazani. Hilo linaniuma mpaka leo maana mzee alikuwa sahihi na sisi ndo tulikuwa hatujui.

Iko hivi. Sholay ya Ramesh Sippy ilitoka tarehe 15 Agosti 1975, na India ilikuwa kwenye hali ya hatari iliyotangazwa Juni mwaka huohuo. Wakaguzi wa filamu wakaukataa ule mwisho, kwa sababu Thakur kwenye hadithi alikuwa afisa wa polisi, na hawakutaka mtu wa polisi aonekane anajichukulia sheria mkononi. Sippy ikabidi arudi apige mwisho mwingine, huu wa polisi kutokea. Ule wa kwanza wakati huo haukuonyeshwa kwenye sinema za India, ila ulitoroka, ukawa unazunguka kwenye kanda za video zilizouzwa nje. Na mzee wangu kanda yake aliletewa na ami yake kutoka Dubai miaka ya 80, kanda mbili kwenye kava moja, maandishi ya Kiarabu yanapita chini. Wakati sisi tunapata akili deki lilishakufa, kanda ziko juu ya kabati zinakula vumbi, tukaletewa diski na ubishi ukaanza.

Kabla ya huyu fundi nilikosea njia. Nilizipeleka kwanza kwenye duka moja mjini, silitaji, wana viyoyozi na kompyuta nzuri. Walinirudishia flashi baada ya siku mbili. Picha imevutwa ijae kwenye skrini pana za siku hizi, Amitabh Bachchan yule mrefu mwembamba kawa mfupi mnene kama kasimama mbele ya kioo cha sarakasi. Sura wamezilainisha na programu, Basanti, yule binti wa kwenye picha, hana hata tundu la jasho usoni, kama sanamu la nta. Maandishi ya Kiarabu wameyafuta kwa kuweka ukungu chini ya picha mwanzo mpaka mwisho. Na kanda ya pili wameikata katikati kwa sababu ilikuwa inachenga, yani wamekata palepale nilipokuwa napataka! Nikauliza, nikajibiwa mbona mwisho wake uko mtandaoni upo safi tu. Niliondoka sijui niseme nini.

Jirani mmoja ndo akanipeleka Ngamiani. Nikamsalimia shikamoo mjomba, akaitikia marahaba mwanangu, hakuniuliza nataka nini, alichukua kanda akainusa. Akasema hii imekaa karibu na bahari. Akatoa skrubu tano, akafungua, akanionyesha pembeni ya utepe fangasi nyeupe imekaa kama unga wa muhogo. Akanambia ukiitia hii kwenye deki hivi ilivyo unaichafua hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, halafu kila kanda inayofuata inaambukizwa. Nikamwambia mjomba ile duka ya kwanza waliitia hivyohivyo, akatikisa kichwa, hakusema neno baya juu yao.

Kwanza kaziweka kanda siku nne kwenye debe la bati lenye vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, anavikusanya kwa watu wa maduka ya viatu. Halafu nilikaa naye jioni nzima namwangalia anauzungusha utepe polepole kwa mkono, kitambaa kisichotoa manyoya kimeloweshwa spiriti safi, anapitisha, anageuza upande msafi wa kitambaa, anapitisha tena. Kanda moja ya masaa matatu utepe wake ni zaidi ya mita 250, jamani. Umeme ulikatika mara mbili tukaendelea kwa tochi ya simu. Kidole chake cha shahada kina alama ya kuungua hivi, kigumu, ni hiyo spiriti.

Kisha akaicheza kila kanda mara tatu kwenye deki tofauti na zote akazirekodi kwenye kompyuta bila kuzibana zipungue ukubwa, saa moja ya kanda inakula zaidi ya GB 30 kwa hiyo usishangae akikwambia uje na diski kubwa ya nje. Mara tatu za nini? Chenga hazitokei palepale kila mara. Mstari uliokatika mara ya kwanza unakuta mara ya pili umetoka mzima, basi kompyuta inalinganisha zile tatu na kuchukua kile kinachokubaliana. Ndo maana picha yake ina chenga chache na bado sura ni sura za watu, hajapaka rangi wala hajalainisha, punje za filamu unaziona.

Nikaja na swali nililoona nimemkamata. Nimesoma kwamba Sholay kamili ni dakika 204, kanda za mzee zimetoka dakika 196. Nikamwambia mjomba zimepungua nane, kuna kitu kimekatwa. Akacheka vizuri tu, akanielekeza: filamu inapita picha 24 kwa sekunde, kanda za mfumo wetu wa PAL zinapita 25, kwa hiyo picha lote linakimbia kidogo na sauti inapanda, Lata Mangeshkar kwenye kanda anaimba juu kidogo kuliko alivyoimba studio. Chukua 196 zidisha kwa 25 gawa kwa 24 uone. Nilipiga kwenye simu palepale, ikaja 204 na chembe. Akairudisha kwenye 24, sauti ikashuka mahali pake, na nakwambia mzee alivyosikia sauti ya Gabbar alisema hii ndo nzito.

Hii elimu kaipata wapi? Anafuatilia wale mashabiki wa Star Wars. Kwa asiyejua, hilo ni picha la Kimarekani la vita vya anga za juu, na mwenyewe aliyelitengeneza, George Lucas, mwaka 1997 aliirudisha Star Wars kwenye sinema kaibadilisha, kaongeza vitu vya kompyuta, na pale Han Solo, mmoja wa mastaa wa picha, alipompiga risasi adui yake Greedo kwenye meza kageuza ionekane Greedo ndo alianza. Akaendelea kubadilisha 2004, 2011, mpaka 2019 ilipoingia Disney+ pale mezani paligeuzwa tena. Ile ya 1977 wenyewe wakaiacha bila kuitoa kwa ubora wa kisasa, walichotoa 2006 ni kopi ya zamani iliyotengenezwa kwa ajili ya laser disc, zile diski kubwa za zamani. Basi mashabiki wakaingia kazini. Petr Harmáček wa Jamhuri ya Czech akaishona upya kutoka vyanzo tofauti, akirudisha kipande kwa kipande kilichobadilishwa. Wengine wanaoitwa Team Negative One wakatafuta filamu halisi ya milimita 35 iliyochezwa sinema mwaka 1977, wakaiskani na kuisafisha, wakaiita 4K77. Hawakulipwa. Na la ajabu Lucas huyuhuyu mwaka 1988 alikwenda mbele ya bunge la Marekani kupinga watu kubadilisha filamu za zamani. Mimi Star Wars sijawahi kuimaliza lakini hao watu nawaelewa kabisa sasa.

Kingine alichonisimulia kikanikaa ni cha Doctor Who, mchezo wa TV wa Waingereza. BBC walifuta kanda zao wenyewe miaka ya nyuma kwa sababu kanda zilikuwa ghali na zinarudiwa kutumika, vipindi vingi vya miaka ya 60 vikapotea, halafu mwaka 2013 ikatangazwa vimepatikana 9, na vilikuwa wapi? Jos, Nigeria, kwenye stoo ya kituo cha televisheni. Waingereza wamekuja kuchukua kitu chao Afrika! Fundi anasema hapo ndo alipoanza kukusanya. Televisheni Zanzibar imeanza 1973 tena ya rangi, sisi bara tumengoja mpaka 1994, na vingapi vilivyoonyeshwa huko mwanzo vipo leo? Kwake rafu nzima ni kanda ambazo watu walirekodi wenyewe majumbani, michezo ya Kaole ya ITV, taarab, harusi za watu zilizorekodiwa juu ya mchezo wa kuigiza mpaka bibi harusi anaingia ukumbini katikati ya ugomvi wa wakwe. Matangazo ya sabuni hayakati, anasema hayo pia yalikuwepo.

Mambo yasiyofurahisha yapo na nayasema. Simu hapokei, kabisa, ukitaka kujua kazi imefikia wapi nenda kwa miguu. Alisema wiki mbili ikawa tano. Risiti haandiki, anaandika jina lako kwenye plasta anabandika juu ya kanda, kwa hiyo piga picha kanda zako kabla ya kuziacha. Faili la kwanza alilonipa TV ya nyumbani ilikataa kulisoma, nikarudi akanitengenezea dogo bila kuniongezea hela. Bei ni elfu 15 kwa kanda, na kama ina fangasi elfu 25, ile duka ya mjini walichukua elfu 8 kwa hiyo utaona ni ghali, mimi sioni. Na usimwombe akuuzie kopi ya kanda ya mtu mwingine, hauzi, alinijibu kanda ni ya mwenyewe na filamu ni ya waliotengeneza, akitaka kufanya biashara hiyo atagombana na COSOTA, wale wa hakimiliki, na atakuwa amekosea yeye.

Nilimwomba pia anishonee toleo la pili, picha safi ya diski ya kununua halafu zile sehemu zilizokatwa zitoke kwenye kanda. Kafanya, na mshono unauona waziwazi, rangi inafifia ghafla, ubora unashuka. Nilimuuliza hawezi kuzifananisha kidogo, akasema anaweza ila nitakuwa sijui tena kipi kilitoka wapi. Nimekubaliana naye. Mtu ataniambia mbona Sholay yenye mwisho wa kwanza imeshakarabatiwa na Film Heritage Foundation ya Mumbai, ikaonyeshwa Bologna, Italia, Juni 2025, mwaka ilipotimiza miaka 50. Najua, na nimefurahi sana, sehemu ya filamu zenyewe walizikuta kwenye stoo London. Lakini mzee wangu ana miaka 78 na kanda ilikuwa juu ya kabati letu.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana nikaiweka, nimewaita na ndugu zangu wote waliokuwa wanabisha, hatujamwambia mzee ni nini. Alichagua ile ya kanda, yenye Kiarabu chini, ile iliyoshonwa hakuitaka hata dakika tano. Amekaa masaa matatu na nusu hajaomba maji. Ilipofika pale Thakur anaanza kumkanyaga Gabbar mkono mmoja halafu wa pili, dada yangu akaniminya goti. Polisi hawakutokea. Gabbar akafa, na Thakur badala ya kushangilia akaanza kulia, kitu ambacho mzee hakuwahi kutusimulia. Kaka mkubwa akasema baba tusamehe. Mzee akasema, "Rudisha nyuma kidogo, hapo viatu."

Nimeacha kanda nyingine mbili kule, moja ni ya harusi ya mama. Kaniambia nipite Alhamisi baada ya laasiri.