TAHADHARI: "GTX 1050 Ti" inayotambulika na Windows huenda ni kadi ya mwaka 2011

Ndugu zangu mnaotafuta kadi ya grafiki ya bei nafuu ili kompyuta zenu ziweze kucheza gemu, nawaomba msome andiko hili kabla ya kumtumia mtu yeyote fedha. Kuna muuzaji anayejitangaza mitandaoni kutokea Dar es Salaam, anayeuza kadi anazoziita GeForce GTX 1050 Ti za GB 4, aina ya kadi za kampuni ya NVIDIA, na kadi hizo si GTX 1050 Ti. Sitaji ukurasa wake kwa sababu jina la ukurasa hubadilika kila malalamiko yanapozidi, hivyo atakayelikariri leo hatakuwa na kinga kesho. Namna anavyouza ndiyo isiyobadilika, na hiyo ndiyo ninayokusudia kuieleza. Mimi ni fundi wa kompyuta, na kadi hizi huletwa mezani kwangu na watu wanaoamini kwamba tatizo ni draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, au Windows, au joto la jiji letu, kwa kuwa hivyo ndivyo muuzaji alivyowaambia walipompigia simu mara ya mwisho kabla hajawafungia namba.

Ni vyema kwanza kuelewa kwa nini kadi hii hughushiwa mara nyingi. Kompyuta nyingi za mezani walizonazo vijana wetu ni mtumba wa maofisini, hasa Dell OptiPlex na HP za kasha dogo, zilizoingizwa nchini baada ya kampuni za ng'ambo kuzichoka. Mashine hizo ni imara na prosesa zake bado zinafaa, lakini pawasaplai zake, yaani visanduku vya kuzilishia umeme, ni ndogo: OptiPlex 7010 ya kasha dogo, kwa mfano, ina pawasaplai ya wati 240 tu, wala haina waya wa pini 6 wa kulishia kadi ya grafiki. Mwenye mashine ya namna hiyo analazimika kutafuta kadi inayotosheka na wati 75 zinazotoka kwenye sloti ya PCI Express yenyewe. GTX 1050 Ti, iliyotoka Oktoba 2016, ilibuniwa ndani ya kipimo hichohicho, ndiyo maana kila fundi huitaja na kila mnunuzi mwenye fedha kidogo huiulizia. Tapeli hahitaji utafiti wa soko. Husikiliza tu watu wanaulizia nini.

Anachowauzia, kwa zile nilizozifungua, ni kadi za kizazi cha Fermi, yaani GTS 450 ya mwaka 2010 au GTX 550 Ti ya Machi 2011, ambazo BIOS yake, yaani programu iliyohifadhiwa ndani ya kadi, imefutwa na kuandikwa upya ili zijitambulishe kwa jina jingine. GTX 1050 Ti halisi ina viini 768 vya kuchakata picha na kumbukumbu ya GB 4, ilhali hizo za zamani zina viini 192 na mara nyingi kumbukumbu ya GB 1. Windows haina macho ya kuiona chipu, bali husoma utambulisho uliomo ndani ya kadi na kuurudia ulivyo kwenye Device Manager, kwenye Task Manager na kwenye dirisha la mipangilio ya skrini. Kwa hiyo muuzaji anapokuonyesha madirisha hayo matatu na kusema "umeona mwenyewe", hajakupa ushahidi wa aina tatu. Amekuonyesha dai lake moja mara tatu. Gunia linaweza kuandikwa "Mchele wa Kyela" kwa herufi kubwa na ndani mkawa na mchele wa popote, na Windows haifungui gunia.

Ugumu wa jambo hili ni kwamba kadi bandia hufanya kazi, tena vizuri, mbele ya macho ya mnunuzi. Itawasha skrini, itaonyesha sinema, na gemu la zamani litakimbia bila kukwama, kwa kuwa GTX 550 Ti ilikuwa kadi ya gemu katika siku zake. Matatizo huanza nyumbani, pale gemu linapohitaji kumbukumbu kuliko iliyopo kweli. Kompyuta imeambiwa kuna GB 4, inaendelea kuijaza kadi data, na ikipita mpaka wa GB 1 picha huvurugika, rangi hutapakaa kwenye skrini, kisha mashine huganda au skrini huwa nyeusi. Gemu zinazotegemea Vulkan, mfumo wa kisasa wa kuchora picha, hazifunguki kabisa, kwa sababu chipu za Fermi hazina uwezo huo. Kuhusu draiva, NVIDIA iliacha kutengeneza draiva mpya za Fermi mwaka 2018, hivyo ukijaribu kusasisha, ama ufungaji utakataa au kompyuta itaganda inapowaka. Hapo ndipo mtaelewa maana ya lile agizo ambalo muuzaji huyu hulitoa kwa upole kila anapofunga mauzo, kwamba draiva aliyoweka ndiyo bora na usiisasishe kamwe. Kwangu mimi sentensi hiyo peke yake inatosha kusitisha biashara.

Njia ya kumbaini si ngumu. Ipo programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z, inayotolewa na TechPowerUp, ambayo haihitaji kufungwa kwenye kompyuta: unaiweka kwenye flashi yako na kuiendesha palepale dukani. Tangu mwaka 2018 programu hiyo hutambua kadi za NVIDIA zilizobadilishwa na huandika neno "FAKE" mbele ya jina la kadi. Hata bila neno hilo, tazameni sehemu ya jina la chipu, ambapo GTX 1050 Ti inapaswa kuonyesha GP107 iliyotengenezwa kwa nanomita 14. Mkiona GF106 au GF116 na nanomita 40, au viini 192, mazungumzo yameisha. Nasisitiza kwamba programu iwe yenu, mliyoipakua wenyewe, kwa sababu muuzaji huyu ana picha safi ya GPU-Z ambayo humtumia kila mteja, na picha hiyo ni ya kadi halisi ambayo hajawahi kumuuzia mtu. Akidai kuwa ni ya kadi yako, mwombe apige nyingine ikiwa na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo kando ya skrini. Wateja wawili niliowashauri hivyo walijibiwa kwamba hawana nia ya kununua.

Macho nayo husaidia. Chipu za kizazi cha Pascal, ambacho GTX 1050 Ti imo, hazitoi tena mawimbi ya analogi ambayo VGA huyahitaji, kwa hiyo tundu la VGA lenye rangi ya buluu mgongoni mwa kadi ni dalili kubwa ya kughushi. Vilevile NVIDIA haikuuza GTX 1050 Ti kwa jina lake yenyewe. Zilitengenezwa na kampuni kama ASUS, MSI, Gigabyte, Zotac na Palit, na boksi lisilo na jina la mtengenezaji yeyote ila maandishi makubwa ya "GTX 1050 Ti" halipaswi kukufurahisha. Kadi kuwa na tundu la pini 6, kwa upande mwingine, si ushahidi tosha, kwa kuwa baadhi ya kadi halisi zilitengenezwa nalo.

Tundu hilo, hata hivyo, lina hatari yake. Mteja anapolalamika kwamba mashine yake haina waya wa pini 6, muuzaji humuuzia waya wa kubadilisha plagi ya SATA kuwa pini 6, kama vile anamfanyia hisani. Plagi ya SATA imepimwa kubeba takriban wati 54 kwenye njia ya volti 12, wakati plagi ya pini 6 inaruhusiwa kuvuta wati 75, na GTX 550 Ti nzima hutumia hadi wati 116. Plastiki ya plagi hizo huyeyuka. Mnunuzi basi amelipia kadi bandia, kisha akalipia na kifaa kinachoweza kumuunguzia pawasaplai ambayo haipatikani kirahisi, maana za OptiPlex si za umbo la kawaida.

Kwa walio mikoani utapeli huu una sura ya ziada: lipa kwanza, mzigo unapanda basi jioni. Kadi hufika kweli, na risiti ya basi ni halali, jambo linalomfanya mnunuzi aamini kwamba hajatapeliwa. Kama huna budi kununua ukiwa mbali, mtafute ndugu au fundi aliye Dar es Salaam aende na flashi yenye GPU-Z, aiweke kadi kwenye kompyuta, aendeshe pia kipimo cha kumbukumbu ya kadi kilichomo kwenye programu ya OCCT, ndipo fedha itoke. Anayekwenda Kariakoo naye afahamu kwamba winga, yaani dalali, aliyempokea barabarani si mwenye duka, na kwamba waranti ya mdomo ya winga huishia pale mlipoagana. Daini risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina kamili la kadi pamoja na namba yake ya utambulisho iliyo kwenye lebo.

Muuzaji huyuhuyu ameanza kutangaza RX 580, kadi ya kampuni ya AMD, pia, na hapo ujanja ni mwembamba zaidi. RX 580 ya Aprili 2017 ina viini 2304. Mwaka 2018 AMD ilitoa China toleo la RX 580 lenye viini 2048, idadi ileile ya RX 570. Hiyo si kadi bandia, lakini si halali kuitoza bei ya ile kamili, na nyingi zimetumika miaka mingi kuchimba sarafu za kidijitali kabla ya Ethereum kuachana na uchimbaji wa kadi Septemba 2022. Isitoshe, kadi hiyo haiwezi kuishi kwenye pawasaplai ya wati 240. Akikutajia P106-100, jua kwamba hiyo ilitengenezwa kwa uchimbaji na haina tundu hata moja la skrini.

Kwa wenye makasha madogo, ningeshauri mtafute GTX 1650 isiyo na tundu la umeme, au RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka 2024 na kutumia wati 70, na katika zote mbili mhakikishe ni toleo fupi linaloingia kwenye kasha. RX 6400 hutumia wati 53 tu, ila imeunganishwa kwa njia 4 za PCI Express na hupungua kasi kwenye mashine za zamani. GPU-Z itumike kwa hizo pia.

Aliyekwisha kununua asiifute BIOS ya kadi wala kuibadilisha kwa sasa, kwa kuwa hiyo ndiyo ushahidi. Ahifadhi mazungumzo, ujumbe wa muamala na picha ya GPU-Z, kisha apeleke taarifa polisi na kwa Tume ya Ushindani, FCC, ambayo ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia Tanzania. Walioko Kenya wana Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Ukiwa na risiti yenye maneno "GTX 1050 Ti" na picha yenye GF116, huhitaji kumweleza afisa mambo mengi.