Njia mbili zinazopita bahari ileile: uzoefu wangu na mtandao wa kimataifa wa ofisi

Nasimamia TEHAMA kwenye kampuni ya uwakala wa forodha. Makao makuu yetu yako Kurasini, Dar es Salaam, tuna ofisi Mombasa, ofisi ndogo Tunduma kwa ajili ya mizigo ya Zambia na Kongo, na dawati Deira, Dubai, ambako wateja wetu wengi hukusanya bidhaa zao kabla kontena halijafungwa. Tangu kabla ya mikongo ya baharini, yaani nyaya za faiba zinazolazwa chini ya bahari, kukatika mwaka 2024 tunanunua mtandao na ulinzi wa ofisi zote hizi kwa mtoa huduma mmoja wa kimataifa. Jina naliacha. Mkataba bado unaendelea, na mengi nitakayoyasema yanawahusu karibu wote wanaouza huduma ya aina hii.

Kwanza, tunachopata. Kila ofisi ina kiboksi cha SD-WAN kinachopokea laini mbili za intaneti na kuamua chenyewe kipi kipite wapi: simu na mfumo wa forodha kwenye laini nzuri, masasisho ya Windows kwenye ile nyingine. Juu yake kuna faiawoli, yaani kichujio cha kinachoingia na kutoka, iliyo kwenye wingu, na kituo cha ulinzi chenye watu wanaokesha saa 24. Zamani kila tawi lilikuwa na intaneti yake ya mtaani, VPN (njia iliyofichwa ya kuunganisha ofisi kupitia intaneti) nimeifunga mwenyewe, na ruta ya Tunduma ikilala ilibidi nimpigie simu mlinzi aichomoe na kuichomeka tena. MPLS ya kukodi, yaani laini binafsi za kuunganisha ofisi, tuliwahi kuombea bei. Bosi aliitazama ile karatasi, akairudisha bila kusema neno.

Ufungaji ulikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Viboksi vilifika vikiwa vimeshapangwa kila kitu, unachomeka nyaya, vinajisajili. Mombasa ilikuwa hewani siku ileile. Tunduma ilichukua muda mrefu zaidi kwa sababu faiba ya hatua ya mwisho, ile inayofika ofisini, hawaijengi wao, wanakodi kwa kampuni ya nchini, na hapo foleni ni foleni ya wote.

Kero ya kwanza ilitoka Dubai. Watu wa Deira walilalamika kwamba simu za mtandaoni zina mwangwi na jedwali la mizigo linafunguka kwa kusuasua, wakati Mombasa, waliokuwa na laini ndogo zaidi, hawakuwa na shida. Nikafuatilia njia hatua kwa hatua, nikakuta kila kinachotoka Kurasini kwenda Dubai kinapanda kwanza hadi Marseille, Ufaransa, kisha ndiyo kinashuka Ghuba. Kwenda na kurudi ilikuwa inakaribia milisekunde 180. Sababu ni kwamba kituo chao kikubwa cha kuhudumia ukanda wetu kiko huko, na kiboksi kilikuwa kimeelekezwa huko kama chaguo la kawaida. Mwanga ndani ya faiba hukimbia takribani kilomita 200 kwa milisekunde moja, na mkongo wa TEAMS wa kutoka Mombasa hadi Fujairah ni kama kilomita 5,000, kwa hiyo hesabu yake haipaswi kuzidi sana milisekunde 50 kwenda na kurudi. Nikawaandikia hivyohivyo, na hesabu nikaweka. Walibishana kidogo, wakaomba vipimo, mwishowe wakabadilisha. Sasa Dubai inacheza kwenye 60 na kitu, na mwangwi umekwisha. Ila kama nisingefuatilia, tungeendelea kulipia safari ya Ulaya kila mtu anapofungua faili, na dashibodi yao ingeendelea kuonyesha rangi ya kijani, maana dashibodi inapima kama laini iko hai. Imezunguka wapi, hilo haliulizi.

Halafu ikaja Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024.

Wengi wanaikumbuka kama siku ambayo intaneti ya Tanzania ilikata pumzi. Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulitangaza kufunga huduma kwa umma siku mbili kwa sababu ya mtandao. Sisi tulikuwa na meli inashusha, nyaraka zinatakiwa kuwasilishwa, na kwenye mkataba wetu kuna kifungu kizuri kabisa kinachosema Dar es Salaam inahudumiwa kwa njia mbili zinazojitegemea. Zote mbili zilikufa.

Nilimpigia meneja wa akaunti yetu. "Kaka, hata mimi nashangaa," akasema. "Njia zenu ni mbili, kampuni mbili tofauti, hata nguzo zinakopita mjini ni tofauti." Na hakudanganya. Kutoka Kurasini hadi ufukweni zilikuwa tofauti kweli. Tatizo lilianza maji yalipoanza. Laini moja ilipanda mkongo wa Seacom, uliofika Dar mwaka 2009, nyingine ikapanda EASSy, ulioanza kazi mwaka uliofuata. Mikongo hiyo miwili inashuka nchi kavu Dar es Salaam, na huko kusini yote miwili inatia nanga Mtunzini, Afrika Kusini. Mei ile ilikatika yote kwenye bahari ya huko, kaskazini mwa Durban. Na upande wa kaskazini Seacom ilikuwa imeshakatika tangu Februari katika Bahari ya Shamu, pamoja na mikongo mingine iliyopita humo, kwa hiyo data ya ukanda huu ilikuwa imeelekezwa kusini kwa wingi. Kusini nako kulipokatika, hapakubaki pa kupita.

Mombasa walikuwa wanafanya kazi. Polepole, lakini wanafanya, kwa sababu TEAMS haukuguswa. Tukaishi siku zile kwa kutuma nyaraka za Dar kwa WhatsApp kupitia bando la simu, usiku mitandao inapopungua watu, wenzetu wa Mombasa wanazipokea na kuwafikishia wateja wa nje.

Nilipotulia niliwaomba kitu ambacho kila mnunuzi wa huduma hii angepaswa kukiomba kabla ya kusaini: ramani ya kila njia kutoka mlangoni kwetu hadi kituo chao cha nje, ikiwa na jina la kila mkongo na mahali unapotia nanga. Mwanzoni waliniambia ni siri ya kibiashara. Nikawauliza siri gani, wakati mikongo yenyewe imechorwa kwenye ramani za wazi ambazo hata mwanafunzi anaziona. Baada ya kwenda juu ngazi mbili, ramani ikaja. Laini yetu ya pili sasa inapita nchi kavu hadi Kenya, inaingia TEAMS Mombasa, inatokea Fujairah. Ni ghali zaidi. Lakini Septemba 2025 mikongo ilipokatika tena Bahari ya Shamu karibu na Jeddah, Kurasini hakuna aliyeniuliza swali, wala Dubai.

Kuhusu fidia, someni vizuri. Mkataba wao wa viwango vya huduma unaahidi mtandao kuwa hai asilimia 99.9 ya muda, ambayo kwa mwezi wa siku 30 ni dakika 43 za kukatika. Inasikika vizuri. Ila hiyo ni kwa mtandao wao mkuu. Hatua ya mwisho, ile faiba ya kukodi inayofika ofisini, imeandikwa kwenye kiambatisho kwa asilimia 99.5, yaani zaidi ya saa tatu na nusu kwa mwezi, na kukatika kwa mikongo ya baharini kumewekwa kwenye kapu moja na vita na matetemeko ya ardhi. Tulipodai, tulichopata ni punguzo dogo kwenye ankara ya mwezi uliofuata, tena kwa kuwa tuliwasilisha dai ndani ya muda. Ukichelewa, haki imepotea.

Tunduma sina mengi ya kusema. Umeme ukikatika kiboksi kinabaki hai kwa betri, kijiko cha wajenzi wa barabara kikifukua faiba kinahamia laini ya simu chenyewe, na foleni ya malori inaendelea. Kwa ofisi ile pekee ningewapa alama zote.

Upande wa ulinzi ndiko walikonishangaza. Nilinunua kwa shingo upande, nikiamini nalipia ripoti za kurasa nyingi zenye picha za ramani ya dunia na mishale myekundu. Ripoti hizo zipo na sizisomi. Lakini usiku mmoja simu iliita, namba ya nje. Mtu wa kituo cha ulinzi akaniambia kwamba barua pepe ya mhasibu wetu imefunguliwa kutoka nchi ambayo hatuna mtu, dakika chache baada ya kufunguliwa Dar es Salaam, na wameshaifunga. Nikawasha kompyuta. Ndani ya sanduku la mhasibu kulikuwa na kanuni mpya: barua yoyote yenye neno "invoice" au "payment" ihamishwe moja kwa moja kwenye folda ya RSS, ambayo hakuna binadamu anayeifungua. Na kwenye rasimu kulikuwa na barua imeshaandikwa kwa mteja wetu wa Lubumbashi, kwa Kifaransa safi, ikiwa na nembo yetu na saini ya mhasibu, kwamba kutokana na ukaguzi wa hesabu malipo ya kontena zake yaende kwenye akaunti mpya ya benki. Ilibaki kubonyeza "tuma".

Mhasibu alikuwa amebonyeza kiungo kilichofanana na ukurasa wetu wa kuingilia, akaweka neno la siri na hata ile namba ya uthibitisho inayokuja kwenye simu, navyo vyote vikaenda kwa mwizi papo hapo. Kwa hiyo uthibitisho wa hatua mbili tuliokuwa nao haukumzuia. Kilichomzuia ni mtu aliyekuwa macho kule kwao. Tangu hapo wahasibu wanatumia funguo ndogo za kuchomeka kwenye kompyuta, ambazo hukataa kufanya kazi kwenye ukurasa bandia, na mabadiliko ya akaunti ya benki hayakubaliwi bila kupigiana simu kwa namba ya zamani. Ufuatiliaji wa barua pepe haukuwa kwenye kifurushi cha kwanza, ni nyongeza. Ukinunua ulinzi wa mtandao bila nyongeza hiyo, umefunga dirisha na mlango uko wazi, maana siku hizi wizi wa kampuni kama zetu unaingilia kwenye barua pepe.

Faiawoli yao nayo ina makali ya kupitiliza. Kwa chaguo la kawaida hufungua mawasiliano yaliyofichwa, huyakagua, kisha huyafunga tena kwa cheti chake, yaani kitambulisho chake cha kidijitali. Wiki ya mwanzo mfumo wa forodha ulikataa cheti hicho, benki nayo ikakataa, na matamko ya mizigo yakakwama huku tozo ya bandari ikihesabika. Tiketi yangu ilizunguka kutoka zamu ya bara moja hadi zamu ya bara jingine, na kila zamu mpya iliniomba nizime na kuwasha ruta. Suluhisho lilikuwa kuiondoa mifumo ya serikali na benki kwenye ukaguzi huo, kazi ya dakika kumi ukimpata anayejua. Waambieni wafanye hivyo kabla ya kuwasha.

Kuna na sheria. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Kumbukumbu za faiawoli zinaonyesha nani katembelea nini, kwa hiyo niliuliza zinahifadhiwa wapi. Jibu la kueleweka lilichelewa mno kwa kampuni inayojiita ya kimataifa, lakini lilikuja kwa maandishi na ndilo tunalolitumia kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. VPN tuliiorodhesha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, baada ya tangazo lao la Oktoba 2023, na hapo mtoa huduma wetu alitusaidia haraka kwa kutupa anwani zote za IP.

Ankara zilikuwa za dola hadi kanuni za 2025 zilipotaka huduma za ndani zilipwe kwa shilingi. Mshirika wao wa hapa sasa anatoza kwa shilingi, ila kiwango cha kubadilishia anakipanga yeye. Dai kiandikwe kuwa ni cha Benki Kuu cha siku ya ankara.

Kama una ofisi moja na wafanyakazi wachache, usihangaike na hawa. Nunua laini mbili za mikongo tofauti, fundi mzuri, na ulinzi wa barua pepe. Sisi wenye nchi tatu tumebaki nao, ila tumeongeza mwaka mmoja badala ya mitatu waliyotaka. TEAMS imeandikwa kwa jina kwenye kiambatisho cha njia, na hawawezi kuibadilisha bila barua. Ulinzi dhidi ya mashambulizi ya DDoS, yaani kuifurikia seva maombi hadi izidiwe, tumeutoa, kwa sababu hatuna seva inayotazama nje na hakuna kitu cha kushambulia, na fedha hiyo imelipia funguo za wahasibu wa matawi yote.