Kliniki ya viungo ya Kisumu iliyompima ndugu yangu mgongo kwa utepe

Kwa miaka minne ndugu yangu mdogo, fundi wa kuchomelea vyuma pale Luanda, Vihiga, alitibiwa figo, taifodi na brusela (homa itokanayo na mifugo), na mara mbili akaambiwa kwamba mgongo wake umechoshwa tu na kuinama. Mwezi Machi nilimpeleka katika kliniki ndogo ya magonjwa ya viungo iliyoko mtaa wa Milimani, Kisumu, ambayo daktari wake huonana na wagonjwa siku mbili kwa juma. Naandika tathmini hii kwa sababu daktari huyo aliuliza maswali ya kutosha kabla ya kuagiza kipimo chochote.

Maswali yenyewe hayakuwa magumu, ila hakuna aliyewahi kutuuliza. Maumivu yalianza ukiwa na umri gani? Yalikuja ghafla baada ya kubeba kitu, au yalinyemelea polepole? Ukilala yanapungua au yanazidi? Ndugu yangu alieleza kwamba yalimwanza akiwa na miaka 23, kwamba kila usiku ifikapo saa tisa huamka na kuzunguka uani mpaka kiuno kilegee, na kwamba saa nne asubuhi, akiwa kazini, huwa mzima kiasi cha watu kumdhania mvivu anayetafuta kisingizio cha kuchelewa. Hapo daktari aliacha kuandika akamtazama. Alitufahamisha kwamba mgongo ulioumizwa na kazi kwa kawaida hutulia mtu akipumzika, lakini ule wenye uvimbe wa ndani hukakamaa kwa kulala na kulegea kwa kutembea. Tena maumivu ya namna hiyo yakidumu zaidi ya miezi mitatu, kwa mtu ambaye yalimwanza kabla ya miaka 45, ni lazima baridi yabisi ya uti wa mgongo ifikiriwe. Akauliza pia kuhusu mambo ambayo huweza kuandamana na ugonjwa huo: visigino kuuma, magamba ya ngozi, kuhara kwa muda mrefu, na jicho kuwa jekundu na kuuma. Jicho! Mwaka juzi alitiwa dawa ya matone kwa jicho lililomtesa juma zima, nasi tukalaumu cheche za kazini, wala hakuna hata mmoja wetu aliyelihusisha na mgongo.

Kisha alimsimamisha wima, akamchorea alama kwa kalamu penye vile vishimo viwili vya kiunoni, akapima sentimita 10 kwenda juu na kuchora nyingine, halafu akamwambia ainame kadiri awezavyo bila kukunja magoti. Kwa mgongo unaonyumbulika vizuri, umbali kati ya alama hizo hufika sentimita 15 au zaidi. Wake uliishia 12. Nilisogea nikausoma utepe mwenyewe, utepe wa kawaida kama wa fundi cherehani, na katika miaka yote minne huo ndio ushahidi wa kwanza niliouona kwa macho yangu kwamba kijana huyu hakuwa akijisingizia.

Kipimo cha damu cha kutafuta uvimbe, yaani CRP, kilitoka juu kidogo, ingawa daktari alisisitiza kwamba hata kingekuwa sawa kisingeuondoa ugonjwa. Kuhusu jeni ya HLA-B27, ambayo wagonjwa wengi wa Ulaya huwa nayo, alisema ni adimu kwetu Waafrika na wengi wenye ugonjwa huu hapa hawana, kwa hiyo hakutaka tuitolee pesa. Eksirei zetu za zamani hazikuwa na dosari, kwa kuwa maungio yanayoshikanisha uti wa mgongo na nyonga huweza kuchukua miaka kabla ya kuonyesha uharibifu; MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, ndiyo iliyoonyesha uvimbe ndani ya mfupa. Nilimheshimu zaidi kwa kutopuuza kifua kikuu na brusela, ambavyo huweza kushambulia sehemu hizohizo, na akavipima vyote viwili ipasavyo kabla ya kutamka kwamba ni baridi yabisi ya uti wa mgongo.

Tulipewa dawa ya kupunguza uvimbe ya kumezwa kila siku baada ya chakula, pamoja na mazoezi ya kunyoosha mgongo na agizo la kuacha sigara. Sindano za gharama kubwa zitafikiriwa dawa hizo zikishindwa.

Kasoro zipo, na si ndogo. Miadi yetu ilikuwa ya saa tatu, tukaonwa saa sita na nusu, na kumkalisha mgonjwa wa mgongo muda wote huo kwenye benchi la mbao lisilo na egemeo ni jambo ambalo kliniki ya viungo haipaswi kulivumilia. Ada ya kumwona daktari ni shilingi 3,000, lakini MRI ilifanyiwa kwingine na ilitubidi kuuza ng'ombe. Karatasi ya mazoezi imeandikwa kwa Kiingereza pekee, ilhali anayemsimamia nyumbani ni mama yetu, asiyekisoma. Nililazimika kumchorea kila zoezi kwenye daftari.

Anayekusudia kwenda abebe eksirei zote za zamani na orodha ya dawa alizowahi kutumia, kwa maana daktari huzipitia moja baada ya nyingine. Tuliporudi mwezi Juni alichukua utepe uleule, akachora alama zilezile, na safari hii ulisoma sentimita 13 na nusu.